Kubana mafuta kwenye gari la haibridi kwa barabara za Mtwara na Lindi: mwongozo kamili

Mtu ananunua Toyota Aqua Dar es Salaam, gari la haibridi, yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, anaishusha Mtwara kwa zaidi ya kilomita 550 huku mguu umelala kwenye eksileta, akifika anapiga hesabu na kukasirika. Aliambiwa gari hili linakwenda kilomita 35 kwa lita. Yeye hata 20 hajafika.

Namba aliyoambiwa haikuwa ya uongo. Aqua ilipotoka Japani Desemba 2011 ilipimwa kwa kipimo cha huko kiitwacho JC08, ikaandikiwa kilomita 35.4 kwa lita. Lakini kipimo kile hufanyika maabara, gari likiwa juu ya mitambo inayozungusha magurudumu, bila upepo wa mbele, bila matuta, bila gunia la korosho nyuma. Kwenye barabara zetu hutaiona namba ile na sitaki kukudanganya. Ninachojua ni kwamba dereva anayeiendesha haibridi kama anavyoendesha Noah na dereva anayeielewa hawajazi mafuta siku moja, hata kama magari yao yametoka kwenye meli moja.

Naandika zaidi kuhusu haibridi za Toyota, yaani Aqua, Prius na Axio haibridi. Kwenye Nissan Note e-Power, iliyoanza kuuzwa 2016, injini kazi yake ni kuzalisha umeme tu na magurudumu huzungushwa na mota muda wote. Kwa hiyo maelezo ya lini injini inazima yatatofautiana, ila habari za mwendo na upepo wa tairi ni zilezile.

Kabla ya yote: umeme huo unatoka wapi?

Haibridi ya kawaida haina mahali pa kuchomeka waya. Umeme wake hautoki TANESCO, unatoka sheli. Kila chaji iliyomo kwenye betri kubwa ilianza kama petroli: ama injini imezungusha jenereta, ama gari lilikuwa kwenye mwendo, ukaachia mafuta au ukagusa breki, magurudumu yakaizungusha mota na kurudisha sehemu ya nguvu ambayo kwenye gari jingine ingeishia kuwa joto kwenye breki. Na kila nguvu inapogeuzwa, kutoka petroli kwenda umeme na kutoka umeme kurudi kwenye mwendo, kiasi fulani hupotea njiani.

Ukilishika hilo, utaacha kosa ninaloliona kila siku: dereva anatambaa na kilomita 20 kwa saa, bajaji zimepanga foleni nyuma yake, macho yake kwenye taa ya EV inayoonyesha gari linakwenda kwa umeme peke yake, anaamini anaendesha bure. Haendeshi bure. Betri ikishuka, injini itawaka yenyewe kuirudishia chaji, pengine akiwa amesimama sokoni, na hapo atalipa deni pamoja na ile nguvu iliyopotea katikati. Umeme wa bure kwenye haibridi ni ule unaorudi unapopunguza mwendo. Na hata huo haulingani na ule mwendo ambao hukulazimika kuupunguza.

Hatua ya 1: Pima kwa hesabu

Usibadilishe chochote kabla hujajua ulipo. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe. Ikikata, acha hapo, usimruhusu muuzaji aendelee kudondoshea ili pesa iwe kamili. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Endesha kama ulivyozoea mpaka tenki lishuke nusu au chini zaidi, kisha rudi sheli ileile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze tena mpaka ikate. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Kihesabu kikisoma 412 na zikaingia lita 19.6, gari lako linakwenda kilomita 21 kwa lita.

Skrini ya gari nayo itakupa wastani wake wa km/L, hata kama maandishi mengine yote ni ya Kijapani. Mara nyingi skrini hujipendelea kidogo. Itumie kulinganisha safari na safari, lakini hesabu ya pampu ndiyo ya kuamini. Andika kwenye daftari tenki tatu au nne kabla ya kutoa hukumu, kwa sababu tenki moja linaweza kupotoshwa na safari moja ya kupanda Newala.

Usilinganishe kwa shilingi. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa kusini tuna bei yetu kwa mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara. Bei ikishuka utadhani umejifunza kuendesha. Linganisha kilomita kwa lita.

Hatua ya 2: Upepo wa tairi na mzigo

Upepo ndiyo faida rahisi kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, maana tairi likishapata joto kipimo hupanda na kukudanganya. Fungua mlango wa dereva, utaona stika kwenye nguzo yenye namba za kPa, ya mbele na ya nyuma. Kijana wa upepo atakuuliza, "Kaka, nikujazie thelathini na tano?" kwa sababu hivyo ndivyo anavyojazia kila gari. Mwambie, "Hapana mdogo wangu, njoo tusome hapa." kPa 220 ni kama 32 kwenye geji yake, na 230 ni kama 33. Ukiongeza moja au mbili juu ya stika kwa safari ndefu yenye mzigo hakuna ubaya. Ukijaza mpaka 40 ili ubane mafuta, unapunguza mshiko wa tairi kwenye lami yenye maji, na hiyo si biashara nzuri.

Kama ulipunguza upepo ili upite mchanga wa Msimbati, jaza tena siku hiyohiyo.

Ondoa keria ya juu kama huitumii, na safisha buti. Jeki na tairi la akiba vibaki. Ndoo za rangi na vyuma vya mwaka jana vishuke.

Hatua ya 3: Asubuhi, usisubiri injini ipate moto

Kanyaga breki, bonyeza kitufe, ikiwaka READY ondoka taratibu. Injini itawaka muda si mrefu hata kama betri imejaa, kwa sababu inajipasha pamoja na mfumo wa moshi. Ukisimama nyumbani kuisubiri, unachoma petroli ukiwa umesimama. Ukiikimbiza ikiwa bado baridi, inakula zaidi. Dakika mbili tatu za mwanzo ziwe za upole tu. Joto la Mtwara linatusaidia, injini hapa hupata moto haraka.

Safari fupifupi ndizo adui. Mtu anayetoka Shangani kwenda sokoni, anarudi, baada ya saa tatu anakwenda Ligula, anarudi, jioni anakwenda tena mjini, anaipasha injini moto mara tatu. Unganisha shughuli zako kwenye mzunguko mmoja utaona kwenye daftari.

Kitufe cha EV kina kazi yake: kusogeza gari uani, au kutoka usiku bila kuamsha majirani. Zaidi ya hapo kiache.

Hatua ya 4: Kuondoka, kupanda mwendo, na kuachia

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lenyewe, nenda nami polepole.

Kwenye dashibodi kuna mstari unaojaa na kupungua kufuata mguu wako. Upande mmoja umeandikwa CHG (kuchaji), katikati ECO (kubana mafuta), mwisho PWR (nguvu). Katikati ya ECO pana alama: chini yake gari linaweza kwenda kwa mota peke yake, juu yake injini huamka.

Unapoondoka, usiogope injini kuwaka. Kanyaga mpaka mstari usimame nusu ya juu ya ECO, bila kuingia PWR, na utulie hapo. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa na mzigo wa wastani kuliko ikivutwavutwa kwa mguu wa woga. Ukifika kilomita 50, au mwendo unaoruhusiwa mahali hapo, ondoa mguu wote kwenye eksileta. Utasikia ukimya: injini imezima. Sasa rudisha mguu kidogo sana, kama unakanyaga yai, mpaka mstari uvuke CHG na uguse tu mwanzo wa ECO.

Fungua picha ya mtiririko wa nguvu kwenye skrini uone. Mguu ukiwa juu kabisa, mishale inatoka magurudumuni kwenda kwenye betri, gari linajizuia ili lichaji. Mguu ukizidi, mishale inatoka kwenye betri kwenda magurudumuni. Kati ya hapo na hapo kuna nukta ndogo ambapo mishale yote inapotea. Injini kimya, betri haitoi wala haipokei, gari linateleza kwa mwendo wake lenyewe. Siku ya kwanza utaikosa mara ishirini. Baada ya wiki mbili mguu utaipata bila kutazama, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu macho ni ya barabarani.

Gari likishuka mpaka 40, panda tena kwa mguu wa wastani hadi 50, achia tena. Barabara tambarare na nyoofu inafaa sana kwa hili. Kwenye Aqua na Prius za umri ule injini inaweza kuzima hivi mpaka karibu kilomita 70 kwa saa. Juu ya hapo injini inaendelea kuzunguka, na mchezo huu unapoteza sehemu kubwa ya faida.

Kama kuna lori nyuma yako, acha. Shika mwendo mmoja usimsumbue mtu.

Hatua ya 5: Breki ya mapema

Ukikanyaga breki kwa upole kwenye haibridi, kazi kubwa ya kupunguza mwendo hufanywa na mota, nayo inachaji. Tazama CHG: ikijaa mpaka mwisho, ujue mota imefika kikomo, na nguvu unayoongeza inakwenda kwenye pedi za breki kuwa joto. Vilevile gari likikaribia kusimama, breki za kawaida ndizo zinazomalizia. Kwa hiyo breki nzuri ni ndefu na laini: inaanza mbali na haijazi mstari.

Chukua mfano wa tuta la kijijini kwenye barabara ya Mtwara kwenda Mingoyo. Unaona kibao, mwendo wako ni 80. Dereva wa kawaida anaendelea na mafuta mpaka mita hamsini, kisha anakanyaga kwa nguvu, pua ya gari inainama, abiria wanashika viti. Wewe achia mafuta mara tu unapokiona kibao. Gari linashuka 70, 60, injini inazima, sasa gusa breki kwa unyayo mwepesi, CHG inafika nusu, 50, 30, unalipita tuta na breki hazijapata hata joto. Umetembea kipande chote hicho bila tone la petroli na betri imeongezeka.

Hii inataka macho yawe mbali. Mbuzi pembeni ya barabara, bodaboda anayegeukageuka kutafuta nafasi ya kukata, lori la saruji lililowasha indiketa, watoto wanaotoka shule: ukiwaona mapema unaachia mafuta, ukiwachelewa unatumia breki. Mimi nimekuja kuamini kwamba asilimia kubwa ya ubanaji mafuta ni kuona mapema, na usalama unakuja humohumo.

Hatua ya 6: Barabara kuu

Kwenye lami ndefu ujanja wa betri unapungua na upepo wa mbele unachukua usukani. Nguvu ya upepo haipandi sambamba na mwendo: ukitoka 80 kwenda 100, mwendo umeongezeka robo, lakini upepo unaokusukuma nyuma umeongezeka zaidi ya nusu. Hakuna haibridi inayokwepa hilo.

Lindi hadi Mtwara ni karibu kilomita 110. Kwa 80 mfululizo ni dakika 83, kwa 100 ni dakika 66. Dakika 17 hizo ziko kwenye karatasi tu, maana vijijini mwendo ni 50 kwa wote, na tochi za trafiki zinakusubiri pia. Mimi hushika kati ya 75 na 85 nikiwa peke yangu barabarani, na gari linanilipa.

Kwenye vilima vidogovidogo ruhusu mwendo upungue kilomita tano ukipanda na urudi wenyewe ukishuka. Usijibane nyuma ya lori eti likukingie upepo. Na unapoovateki, kanyaga hadi PWR, pita, rudi upande wako. Pale hakuna mafuta ya kubana.

Hatua ya 7: Kupanda na kushuka Newala

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na mteremko wake kuelekea Masasi ni darasa zuri la haibridi. Ukipanda, shika mwendo wa wastani usiobadilika na kubali betri ishuke. Usiikamie kurudi kasi uliyokuwa nayo chini.

Ukishuka, betri inajaa haraka kuliko unavyodhani. Ikijaa, gari halina tena pa kuweka umeme. Basi linaizungusha injini bila kuipa mafuta ili liwe linajizuia, na injini inanguruma kama mtu amekanyaga eksileta. Mara ya kwanza mama mmoja niliyempakia alinishika bega: "Mwanangu, gari linaharibika!" Nikamwambia, "Hapana mama, linajishika lisiporomoke." Huo mngurumo ni wa kawaida.

Gia ya B iliyo kando ya D kazi yake ni hapo hasa: mteremko mrefu na mkali, ili breki zisichemke. Wapo wanaoiweka B mjini wakiamini inachaji zaidi. Sivyo. B inaitumia injini kujizuia mapema, na nguvu ambayo ingeingia kwenye betri inapotelea kwenye kuzungusha injini. Mjini na tambarare baki D.

Na kamwe usishuke ukiwa N. Ukiwa N betri haichaji na unakosa msaada wa mota kupunguza mwendo. Hata ukisimama kwenye kizuizi kwa muda mrefu, weka P, usiweke N.

Hatua ya 8: Joto, AC na betri kubwa

Wengi huzima AC wakidhani ndiyo inayomaliza mafuta. Kwenye Aqua na Prius kompresa ya AC ni ya umeme, inafanya kazi hata injini ikiwa imezima, na ndiyo maana ukisimama na AC kwenye 18 injini inawaka kila baada ya muda. Fungua vioo vyote dakika ya kwanza joto la jua litoke, funga, weka 25 au 26, na chagua hewa ya ndani izunguke. Mwendo wa taratibu mjini fungua vioo ukipenda. Kwenye 80 vioo wazi vinaongeza upepo wa kukuzuia.

Lakini kuna sababu nyingine ya kuijali hewa ya ndani. Betri kubwa iko nyuma, na feni yake inavuta hewa ya ndani ya gari kuipooza. Kwenye Aqua tundu la kuvutia liko chini ya kiti cha nyuma, kwenye Prius liko pembeni mwa kiti hicho. Msimu mmoja nilipakia magunia ya korosho kiti cha nyuma, yakaziba tundu lile kutoka Tandahimba mpaka Mtwara. Siku zilizofuata nikawa nasikia feni inavuma nyuma hata asubuhi, betri inapanda na kushuka ovyo, na daftari likaonyesha kila tenki linazidi kuwa baya. Fundi mmoja akaniambia betri imekufa, ninunue nyingine. Nilimpelekea fundi mtu mzima ninayemheshimu. "Shikamoo fundi." "Marahaba, hebu toa kiti hicho kwanza." Feni ilikuwa imevaa koti la vumbi jekundu na nyuzi za gunia, mapezi hayaonekani. Aliisafisha kwa brashi na upepo mdogo, akairudisha, na betri ileile bado iko kwenye gari.

Kwa hiyo: usiweke mzigo wala kapeti mbele ya tundu, lisafishe kila baada ya miezi michache, na mara nyingi zaidi kama unatembea barabara za vumbi. Paki chini ya mwembe ukiuona.

Hatua ya 9: Matengenezo machache yanayogusa mafuta

Oili nyepesi ya 0W-20 ndiyo iliyoandikwa kwa injini nyingi za aina hii, na oili nzito unayouziwa kwa sababu "huku kuna joto" inaipa injini kazi ya bure kila inapowaka na kuzima. Chujio la hewa lipigwe vumbi na libadilishwe mapema kama unatembelea vijijini. Wili alaimenti ifanyike baada ya kipindi cha michepuko mibaya. Waliopita barabara ya kusini baada ya kimbunga Hidaya Mei 2024 wanajua nasema nini. Na kwa kuwa haibridi hutumia pedi kidogo, pini za breki zinaweza kukwama kwa kutu, hasa kwa sisi tunaokaa na hewa ya chumvi. Baada ya safari sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki inashika, na unaivuta njia nzima.

Zoezi la Jumapili asubuhi

Chagua saa ambayo barabara ni tupu. Nenda kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani na kurudi, kama kilomita 20, mara tatu. Ipashe injini moto kwanza, ndipo urudishe wastani wa skrini kwenye sifuri kabla ya kila mzunguko. Mzunguko wa kwanza endesha kama ulivyozoea. Wa pili usifanye lolote ila kuachia mafuta mapema na kushika breki ndefu laini. Wa tatu ongeza kuteleza kwa mishale iliyopotea kila panaporuhusu. Andika namba tatu hizo pamoja na alama za betri mwanzoni na mwishoni mwa kila mzunguko, maana mzunguko ulioimaliza betri haujabana chochote, umekopa tu.